Mgusberi umejaa majani na miiba, matunda ya kuhesabu: nikate wapi?

Chipukizi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za bustani.

Nina mgusberi nyuma ya nyumba, huu wa miiba unaoishi miaka mingi. Sasa uko mwaka wa nne tangu niupande. Umestawi kweli kweli: unanifika kifuani, matawi zaidi ya kumi na tano yanatoka moja kwa moja kwenye udongo, mengine yameshainama hadi chini. Katikati huwezi kupitisha mkono. Kila majira ya machipuko unatoa vitawi virefu laini, unaona kabisa kwamba mmea una nguvu. Ila matunda! Yako pembeni tu, upande unaopata jua, nayo ni madogo.

Kuna mambo mengine mawili. Matunda yanapoanza kujaa, ncha za vitawi hushika unga mweupe, kisha ule unga unahamia kwenye matunda na kugeuka utando wa kahawia. Halafu majani yanaliwa. Yanaliwa kuanzia ndani, chini kabisa, na ninapokuja kugundua nusu ya kichaka imebaki mishipa mitupu.

Nautunza hivi: samadi ya kuku iliyooza vizuri kila mwaka, na kiganja cha urea majani yakianza kutoka. Udongo una mfinyanzi kiasi lakini maji hayatuami. Jua linapiga kuanzia asubuhi hadi mchana. Baridi huku ni kali, jalidi inaanguka.

Sasa hivi majani yote yamepukutika, mti uko wazi, naona huu ndio wakati wa kukata. Mmoja ananiambia niunyoe wote kwa usawa, juu na pembeni. Mwingine anasema gusberi haikatwi, iachwe. Nikate wapi, na kwa kiasi gani? Kuung'oa sitaki.

BibiMatunda

Marahaba mwanangu. Usiung'oe hata kidogo. Mgusberi uliotunzwa unazaa miaka kumi na tano, hata ishirini, na wa miaka minne ndio kwanza unaingia kwenye umri wa kuzaa.

Umetaja matatizo matatu, mimi naliona moja: mti umefungika. Hewa haipiti katikati, jua haliingii, na chakula unachoupa kinazidi kuufunga. Ukungu, wadudu na uhaba wa matunda vyote vimepata makazi humo humo. Ukiufungua, utashangaa jinsi hayo mengine yanavyopungua yenyewe.

Kabla ya kushika mkasi, ujue tunda linatoka wapi. Gusberi haizai kwenye vile vitawi virefu vipya. Inazaa kwenye mti uliokomaa, wa miaka miwili na kuendelea, kwenye vijitawi vifupi vilivyojikunyata kando ya tawi kubwa, na pia kwenye macho (vifundo vinavyochipua) ya chini ya kitawi cha mwaka uliopita. Nenda ukatazame tawi moja la miaka mitatu sasa hivi likiwa halina majani, utaviona: vifupi, vina makunyanzi, macho yamekaa karibu karibu. Hiyo ndiyo mali yako, vilinde.

Ukishaelewa hilo utaona kwa nini ushauri wote wawili uliopewa haukufai. Ukinyoa kichaka chote kwa usawa, kila ncha uliyokata inajibu kwa kutoa vitawi vitatu vinne laini kwa nje, na ndani giza linazidi. Usipokata kabisa, machipukizi yanaendelea kutoka ardhini kila mwaka, vijitawi vya uzazi vya ndani vinakosa mwanga na kufa, na uzazi unahamia pembeni. Ndivyo ulivyo mti wako leo.

Sasa kazi yenyewe. Vaa glavu za ngozi na shati la mikono mirefu, maana miiba iko kwenye kila fundo na inaingia ndani. Noa mkasi. Piga magoti, uangalie kichaka kutokea chini. Ukikiangalia kwa juu utadanganywa na ncha. Anza na kilichokufa: tawi la kijivu ambalo ukilikwaruza ganda huoni kijani. Lifuate hadi kwenye udongo ulitoe lote. Kisha yale yaliyolala chini, kwa sababu hayapati jua na matunda yake yanarukiwa na tope kila mvua ikinyesha. Kisha yanayopishana na kusuguana, moja liende. Mwisho ingia katikati, utoe matawi mpaka kichaka kipate umbo la bakuli: matawi yamezunguka pembeni, ndani wazi. Kipimo changu ni mkono. Uingie na glavu hadi katikati, uchume, utoke bila kushikwa na miiba.

Unalenga kubaki na matawi makuu manane hadi kumi yenye umri tofauti. Lakini usifike huko mwaka huu. Toa robo hadi theluthi ya matawi sasa, ukianza na yale mazee zaidi, mengine yasubiri baridi ijayo. Mizizi hiyo imezoea kulisha matawi mengi. Ukikata nusu ya mti kwa siku moja nguvu yote inarudi kwa vitawi laini, na hakuna kitu ukungu wa gusberi unakipenda kuliko kitawi laini. Ukishamaliza hiyo awamu ya pili, kila mwaka unatoa matawi mawili matatu ya zamani kuanzia chini na kuacha machipukizi mawili matatu imara yashike nafasi zao. Mti unabaki kijana siku zote.

Kwenye matawi uliyoyabakiza, vitawi vya pembeni vya mwaka jana vikate ubakize macho mawili au matatu. Hivyo ndivyo vitakavyogeuka kuwa vijitawi vya uzazi. Ncha ya kila tawi kuu, ile sehemu iliyokua mwaka jana, ipunguze theluthi hadi nusu. Hapa tazama tabia ya mti wako. Kama matawi yanasimama wima, kata juu ya jicho linalotazama nje. Kama yanainama, kata juu ya jicho linalotazama juu ili tawi lipande. Wakulima wengi wamefundishwa "jicho la nje" tu, wanakata hivyo kila mti, na mgusberi wenye tabia ya kuinama unazidi kulala chini.

Kama huko una ndege wanaodonoa macho wakati wa baridi, usifanye haraka. Subiri mwisho wa majira ya baridi, macho yanapoanza kuvimba, uone yapi yamesalia ndipo ukate. Ukikata mapema ukabakiza macho mawili, ndege akaja akala yote mawili, umebaki na kijiti.

Chakula sasa. Urea iache kabisa. Naitrojeni nyingi ndiyo inayokupa hivyo vitawi virefu na majani mororo yanayoshikwa na ukungu kirahisi. Samadi ya kuku nayo imejaa naitrojeni. Ipeleke kwenye kabichi na mboga nyingine za majani, itafanya kazi nzuri huko. Mgusberi una njaa ya potasiamu. Ukiona kingo za majani zinaungua kahawia wakati wa kiangazi na maji yapo, mara nyingi ni njaa hiyo. Mwisho wa baridi nyunyiza salfeti ya potasiamu, gramu 15 hivi kwa kila mita ya mraba, eneo lote lililofunikwa na matawi. Soma mfuko vizuri: chukua salfeti, uiache kloridi ya potasiamu, maana mmea huu hauvumilii kloridi, majani yanaungua. Majivu ya kuni nayo yanafaa ukiyatandaza kidogo, mradi udongo wako si wa chokaa tayari. Gusberi inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH 6 hadi 6.5.

Juu yake tandaza mboji au majani yaliyooza, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Na jembe lisifike chini ya kichaka hicho! Mizizi iko juu juu. Magugu yang'oe kwa mkono.

Kuhusu maji, ni uthabiti tu. Mizizi ikikauka ukungu unashika kasi, na tunda lililokaa kiu kwa muda kisha likapata mvua kubwa linapasuka.

Kuna kata ya pili ambayo watu wengi hawaifanyi, nayo mimi naipa uzito sawa na ya baridi. Kiangazi kikifika katikati, vitawi vipya vya pembeni vikate ubakize majani matano. Ncha za matawi makuu usiziguse. Kwa kazi hiyo moja unaondoa ncha laini ambazo ndizo hushikwa na unga mweupe kwanza, unaliruhusu jua lifike kwenye matunda yaive, na unaelekeza nguvu kwenye macho ya mwaka ujao.

Kijani Kibichi

Bibi amemaliza kwenye kukata, nami nimejifunza hilo la jicho la juu. Acha niongeze la majani kuliwa.

Kwa maelezo yako, kuanzia ndani chini na kubakiza mishipa, huyo kwa kawaida ni buu la mdudu wa jamii ya nyigu, mdogo, tumbo la njano. Kitaalamu ni Nematus ribesii. Jike anataga upande wa chini wa jani, mayai yamepangwa mstari kufuata mishipa, na anachagua majani ya chini katikati ya kichaka. Kwa hiyo wewe uliyesimama nje humwoni mpaka mabuu wamekula wakapanda juu. Buu lenyewe ni la kijani, lina madoa meusi na kichwa cheusi, likikomaa linafika kama sentimita 2. Kuna vizazi viwili hadi vitatu kwa mwaka, kwa hiyo ukiwashinda mara ya kwanza usilale.

Wengi wanapoteza pesa hapa. Wananunua dawa ya Bt, ile ya bakteria wanaoua viwavi, wanapuliza, mabuu wanaendelea kula. Bt ya viwavi inawaua watoto wa vipepeo na nondo, na huyu si mmoja wao. Ukitaka uhakika hesabu miguu laini ya tumboni: mtoto wa kipepeo ana jozi tano au pungufu, huyu ana sita au zaidi.

Mimi naanza ukaguzi maua yanapofunguka, kila wiki. Nafunua majani ya chini katikati, nikiona mayai navunja jani lote. Mabuu wakishaanguliwa nawachuma kwa mkono, au natandika shuka chini ya kichaka na kutikisa tawi. Wanaanguka wengi kwa mpigo. Wakinizidi natumia dawa ya pareto, jioni nyuki wakiwa wamerudi, na kamwe siyo wakati mti una maua. Wakishiba hushuka na kujifungia kwenye vifukofuko udongoni, humo ndimo wanamopitisha baridi. Kwa hiyo wakati huu majani hayapo, kwangua matandazo ya zamani uyaondoe, acha udongo wazi kwa muda ndege wapekue, kisha tandaza mapya.

Usilichukulie jepesi hata kama matunda yameshachumwa. Mti uliopoteza majani katikati ya kiangazi hauna cha kutengenezea macho ya mwaka unaofuata.

Chipukizi

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Nimekwangua matandazo na kweli nimekuta vifukofuko vya kahawia, vingi upande wa kivuli.

Nimeona pia lebo ya zamani kwenye shina, imeandikwa Leveller. Nina salfa ya kupuliza ndani, nilitaka kuitumia kwa huo unga mweupe majani yakianza. Inafaa? Na matunda yenye utando wa kahawia yanaliwa, au niyatupe? La mwisho: maua ya mti huu yanatoka mapema, na kuna miaka jalidi inayapiga yakiwa wazi.

BibiMatunda

Leveller! Mwanangu, una gusberi ya heshima. Tunda lake ni la njano, kubwa, na likiachwa liive kabisa linaliwa hivyo hivyo bila sukari. Na matawi yake yana tabia ya kuinama, kwa hiyo wewe ni jicho la juu, usibabaike.

Salfa usiipulize. Irudishe kabatini. Kuna aina za gusberi zisizovumilia salfa, na Leveller ni mojawapo. Majani yataungua na kudondoka na utakuwa umeuumiza mti kuliko ukungu wenyewe. Aina nyingine, Careless, nayo iko hivyo. Kwenye chupa watu wanasoma "dawa ya ukungu" wanaona yatosha, lakini soma jina la mti wako kwanza.

Na ni kweli Leveller ni dhaifu kwa ubwiri unga, yaani huo ukungu wa unga mweupe, hilo silifichi. Ukungu huu asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Ulipovuka na kuingia Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuta gusberi za huko hazijawahi kukutana nao, ukazifyeka. Zile za Amerika zilikuwa zimeishi nao siku zote. Wataalamu wakachanganya damu za pande mbili, na ndiyo sababu leo kuna aina zinazostahimili: Invicta, inayozaa kwa wingi mno lakini miiba yake mikali; Hinnonmäki kutoka Ufini; Captivator; na Pax ambayo ikikomaa karibu haina miiba. Ukija kuongeza mche wa pili chagua humo. Huu wa kwanza utautunza kwa hewa na mkasi, na inawezekana kabisa.

Ukungu unapitisha baridi kwenye ncha na kwenye macho. Kwa hiyo unapokata sasa, tafuta ncha zenye utando wa kahawia, kata chini yake hadi kwenye mti safi. Zikusanye zote, usiache kimoja chini, na usizitupe kwenye mboji. Zichome au zizikwe mbali. Majira ya machipuko pita kila baada ya siku chache. Ncha ya kwanza yenye unga ikionekana, ikate siku hiyo hiyo. Nasisitiza siku hiyo hiyo kwa sababu kutoka ncha moja hadi kichaka kizima ni suala la wiki chache hali ya hewa ikiukubali.

Matunda yenye utando hayana sumu. Sugua kwa kitambaa, osha, yanaliwa. Ila yakipikwa rangi inageuka kahawia, hayapendezi.

Kwenye kuchuma, fanya mara mbili. Tunda likiwa bado kijani na gumu lakini limeshajaa kiasi, pitia kila tawi uchume moja uache moja. Hayo ya kwanza ni ya kupika. Gusberi ya kijani ina pektini nyingi sana, jamu yake inaganda bila kuongezewa kitu, inahitaji sukari tu maana ni chachu. Yale uliyoyaacha yanapata nafasi na chakula, yanakua makubwa hasa, ndiyo ya kula mabichi yakishalainika na kubadilika rangi. Kwa Leveller kupunguza huku ndiko kunakotoa lile tunda lililoipa sifa. Na usitegemee yaive siku moja, utakuwa unarudi rudi.

Jalidi: usiku inapotarajiwa, funika kichaka na kitambaa chepesi cha bustani, hata shuka kuukuu, kisha asubuhi kifunue. Usisahau kufunua. Mgusberi unajichavusha wenyewe, mmoja unatosha, lakini nyuki na nzi ndio wanaobeba chavua. Ukiwafungia nje, maua yatapona jalidi na bado hayatazaa.

Jua Kali

Samahani naingilia. Mimi ninakoishi ni joto mwaka mzima. Nilinunua pakiti ya mbegu imeandikwa gusberi, zimeota vizuri, lakini sioni miiba. Majani ni laini yana manyoya, na tunda linakua ndani ya ganda jembamba. Nianze na mimi kukata umbo la bakuli?

BibiMatunda

Hapana ndugu yangu, weka mkasi chini. Huo wako ni Physalis peruviana, wa ukoo wa nyanya na mnavu, na ushauri wote wa hapa juu si wake. Wako unazaa mwaka ule ule uliopandwa, unapenda joto, hauhitaji baridi yoyote. Simika nguzo moja uifungie matawi, yasilale. Mbolea nyingi nayo itakupa majani badala ya matunda, hapo tu ndipo inapofanana na ya Chipukizi. Tunda limeiva ganda likikauka na kuwa na rangi ya majani makavu. Mara nyingi linadondoka lenyewe, unaokota. Likiwa kijani usile, maana mabichi ya ukoo huo yana sumu.

Huu wa miiba ni Ribes uva-crispa. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri inaupita na ukaamka. Kinachoushinda ni kukosa baridi: aina nyingi zinataka kati ya saa 800 na 1,500 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ndipo macho yaamke sawasawa. Pasipo hizo, macho yanafumbuka ovyo, mengine yanabaki yamelala, maua yanakuwa haba. Na kiangazi joto likizidi nyuzi 30 kwa siku nyingi majani yanaungua. Mwenye sehemu iliyo katikati, baridi ipo lakini jua la mchana kali, aupande mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia mchana. Wewe uliye kwenye joto la mwaka mzima, endelea na huo ulio nao, ni tunda zuri na unakufaa.

Sonobari

La haraka kwa yeyote anayetaka kuongeza miche: angalia kama jirani kuna misonobari inayotoa sindano tano tano pamoja. Kuna kuvu, Cronartium ribicola, anayeishi sehemu ya maisha yake kwenye jamii ya Ribes, yaani gusberi na ndugu zake, na sehemu nyingine kwenye misonobari hiyo. Gusberi hapati madhara makubwa, msonobari ndio unaokufa. Kwa ajili hiyo Marekani ilikuwa na marufuku ya kitaifa ya kupanda jamii hii, ikaondolewa mwaka 1966, lakini majimbo kadhaa yana masharti yake hadi leo. Ulizia sheria ya mahali ulipo kabla ya kununua.

Chipukizi

Nimekata. Nimetoa matawi matano, ncha za kahawia zote nimechoma. Bakuli limeanza kuonekana, japo upande mmoja bado ni mnene, nimeuachia baridi ijayo kama ulivyosema bibi.

Maswali mawili. Haya matawi niliyotoa naweza kuyaotesha? Na tawi moja lililokuwa limelala, nilipolivuta nimekuta lina mizizi pale lilipogusa udongo. Sijalikata, nimelirudishia udongo.

BibiMatunda

Umefanya vizuri kulirudishia udongo. Hilo lenye mizizi ndilo mche wako wa uhakika. Lifungie chini kwa kijiti cha panda au jiwe, mboji kidogo juu, liache lishike zaidi. Majani yakipukutika mwaka ujao, likate kutoka kwa mama, ling'oe na mizizi yake, uhamishe.

Matawi uliyotoa, yale mazee ya kijivu hayaoti. Vitawi vya mwaka jana ndivyo vinavyoota, vilivyonyooka, unene wa penseli. Chagua visivyo na alama yoyote ya utando wa kahawia, maana utaotesha na ukungu wake. Kata urefu wa sentimita 30 hivi, chini ya fundo upande wa mzizi, juu ya jicho upande wa ncha. Toa macho ya chini yote, ubakize manne ya juu. Hilo la kutoa macho ndilo litakalokupa mche wenye shina moja badala ya kichaka kinachotoka ardhini kama hiki ulichokuwa ukipigana nacho. Zika nusu yake kwenye udongo mwepesi uliochanganywa mchanga, ushindilie kwa mguu. Gusberi ni mzito wa kutoa mizizi, kwa hiyo panda vingi kuliko unavyohitaji. Wakati mzuri zaidi ni majani yanapokaribia kupukutika, udongo ukiwa bado na joto. Sasa hivi umechelewa kidogo lakini jaribu, vingine vitashika. Vikae hapo mwaka mzima bila kuguswa.

Ukija kuihamisha, acha mita 1.2 hadi 1.5 kati ya mche na mche, na shina liwe wazi sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini kabla ya tawi la kwanza. Chipukizi lolote litakalotoka chini ya hapo au kwenye mizizi, liling'oe kwa mkono likiwa bado laini. Ukilikata kwa mkasi linarudi.